HAKI YA MZEE: NYUMBANI, MSIKITINI NA BARAZANI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, mtoto hufundishwa shikamoo kabla hajafundishwa alifu. Amwonapo mzee hubusu mkono wake, humpisha njiani, wala hatii mkono katika sinia kabla yake. Dasturi hii ni njema, na asiyeilea katika nyumba yake amepungukiwa. Lakini dasturi yaweza kubaki ilhali haki imekwenda zake. Mzee aweza kuamkiwa na watu arubaini tangu mlangoni pake hata mlango wa msikiti, kisha akarudi nyumbani asikute chai. Aweza kubusiwa mkono na mwanawe, na mwanawe huyo huyo asijue kwamba dawa ya macho imekwisha tangu mwezi uliopita. Huketishwa mbele siku ya harusi, na siku ya kushauriana juu ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake huambiwa akapumzike. Somo hili ni la haki zilizo nyuma ya shikamoo: ni zipi zilizowajibishwa na sharia, kwa kadiri gani, na juu ya nani.

Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu amefuatanisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi wawili. Kisha ameutaja uzee waziwazi, wa mmoja wao au wa wote wawili, nao wako kwa mtoto wao. Wafasiri wamelieleza neno hilo la kuwa "kwake" kwamba maana yake ni katika nyumba yake na ulinzi wake, hawana mwingine wa kumtegemea. Hapo ndipo alipokatazwa mtoto asiwatolee hata neno la kuguna, "uff", wala asiwakemee. Na wanazuoni wa usuli wamechukua katika aya hii kanuni mashuhuri: likikatazwa dogo, lililo kubwa kuliko hilo limekwisha kukatazwa pamoja nalo. Basi lau mtu atajisifu kwamba hajapata kumgunia mamaye, huku mamaye analala na njaa, ataambiwa kwamba ameukimbia mlango mdogo akaingia mkubwa.

Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amemtoa katika njia yake mtu asiyewahurumia wadogo na asiyeijua haki ya wakubwa. Tamko lililokuja katika riwaya hiyo ni "haki". Haki ni kitu kidaiwacho, na ajuaye kwamba anadaiwa hutafuta kujua ni kiasi gani.

Mwaka wa 8 wa Hijra (630), siku Makka ilipofunguliwa, Abu Bakr (R.A.) alimshika mkono babaye, Abu Quhafa, akamleta kwa Mtume (S.A.W.). Mzee huyu alikuwa amepofuka, na kichwa chake ni cheupe pia. Siku hiyo mji wote ulikuwa mikononi mwa Mtume, na Abu Quhafa alikuwa bado hajasilimu. Alisilimu baada ya kufikishwa hapo. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliuliza kwa nini mzee hakuachwa nyumbani kwake, ili yeye mwenyewe amwendee. Msomaji na atazame vizuri: heshima ya uzee ilimfikia mtu yule kabla ya Uislamu wake.

NAFAKA YA WAZAZI

Katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi vinavyosomwa pwani, tangu matini ya Abu Shujaa aanzayo mwanafunzi hata Minhaj ya Imam Nawawi (aliyekufa mwaka wa 676 wa Hijra, ndio 1277), mna mlango wa nafaka ya jamaa. Mlango huu wanafunzi huupita upesi, kwani huja mwisho wa mambo ya ndoa, na akili za vijana zimekwisha choka kwa talaka na eda. Nao ndio mlango wenye jawabu ya mambo mengi yanayowaliza wazee.

Muhtasari wake ni huu. Nafaka ya baba na mama, na babu na bibi, na waliopanda juu yao, upande wa kuumeni na wa kukeni, ni wajibu juu ya mtoto, mwanamume au mwanamke, na juu ya mjukuu akikosekana mtoto. Haikushurutizwa kwamba mtoto awe tajiri. Lililoshurutizwa ni kwamba awe na kilichozidi juu ya chakula chake na cha mkewe na watoto wake kwa siku ile na usiku wake. Na ikiwa hana kitu mkononi lakini ana nguvu za kufanya kazi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yampasa afanye kazi ili awalishe. Tofauti ya dini haiondoi wajibu huu: mtoto aliyesilimu, ambaye wazazi wake hawakusilimu, ni juu yake kuwalisha.

Je, mzee ambaye bado ana nguvu aweza kuambiwa na mwanawe akatafute kibarua? Hapa Imam Nawawi amepambanua baina ya mzazi na mtoto. Mtoto mkubwa mwenye nguvu hana haki ya kukaa bure akalishwa na babaye. Ama mzazi aliye fakiri hupewa nafaka ijapokuwa anaweza kuchuma, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, kwani si katika wema kumtuma mzazi kuchukua mizigo ilhali mwanawe ana cha kumpa. Siku hizi mambo yamegeuzwa: kijana wa miaka thelathini hulala mpaka adhuhuri kwa pesheni ya babaye, na watu wakaona ni mapenzi.

Kadiri ya nafaka hii ni kutosheleza. Nafaka ya mke ina kipimo maalumu: mudi mbili juu ya mwenye wasaa, mudi moja juu ya mwenye dhiki, na mudi moja na nusu juu ya aliye baina yao. Ama nafaka ya wazazi haikuwekewa kipimo, kwa sababu yafuata haja, na haja ya mzee haifanani na ya mzee mwingine. Huingia humo chakula na kitoweo, mavazi, mahali pa kukaa pamfaapo, gharama ya mtumishi ikiwa hajiwezi, na ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Mzee ambaye meno yamekwisha, akapewa ugali mkavu, hakupewa nafaka, amepewa kazi.

Na mtu akiwa na cha kumtosha mzazi mmoja tu, mama hutangulia katika nafaka, kwa kauli sahihi, kinyume cha zakatul-fitri, ambamo baba hutangulia.

Wakiwa watoto ni wengi, na wote ni sawa kwa ukaribu, nafaka ni juu yao wote. Wanazuoni wamekhitilafiana tu kama watagawana sawasawa au kwa kadiri ya mafungu yao ya urithi. Hakuna katika madhehebu kauli isemayo kwamba mzigo wote ni wa kitinda mimba, au wa binti aliyeachwa na mumewe akarudi nyumbani. Wala haikusemwa kwamba aliye mbali ameokoka kwa umbali wake. Ndugu watano hutazamana, kila mmoja amngoja mwenziwe. Na baina ya macho yao kumi mzee anakonda.

Kisha kuna suala moja ambalo watu hulielewa kombo. Nafaka ya mke isiyotolewa huwa deni. Ama nafaka ya jamaa huanguka ikipita siku yake, haiwi deni, ila kadhi akiifaradhia au akitoa idhini ikopwe. Baadhi ya watu walipolisikia hili walifurahi. Furaha yao haina mahali. Kilichoanguka ni dai la mali peke yake, kwani nafaka hii iliwekwa kuondoa haja ya siku, na siku ikiisha pita haja yake haiwezi tena kuondolewa. Dhambi ya kumwacha mzazi na njaa ilhali mtoto anacho, hiyo imebaki palepale ilipoandikwa. Na deni aghalabu hulipika. Siku iliyopita hairudi kulishwa.

ZAKA, PESHENI NA FEDHA ZITOKAZO SAFARINI

Wako matajiri wanaotoa zaka zao kila Ramadhani, na katika majina ya wapokeao huandika mama mzazi, fungu la mafakiri. Zaka hiyo haikusihi. Anayewajibikiwa kulishwa na mwanawe hahesabiwi fakiri kwa mali ya mwanawe huyo. Na mtoto ampapo zaka huwa amejilipa mwenyewe, kwa sababu ameiondoa nafaka iliyokuwa juu yake kwa mali iliyokuwa ya watu wengine. Basi zaka irudi kwa wenyewe, na mama apewe haki yake katika mali iliyobaki.

Serikali nazo zimewatazama wazee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wote waliofika umri wa miaka 70, ajapokuwa mtu hakupata kufanya kazi ya Serikali, na ilipoanza ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imetaja kwamba wazee washiriki katika mambo ya jamii, waishi kwa heshima, na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mtoto hawezi kusema kwamba Serikali imekwisha mchukulia wajibu wake. Kwa kuwa nafaka ni kutosheleza, mzee akipata mahali pengine cha kumtosha kweli, wajibu huondoka. Akipata nusu, nusu iliyobaki ni juu ya mwanawe. Na mwenye kutaka kujua kama shilingi elfu ishirini zilimtosha mzee kwa mwezi, na aende sokoni akaulize bei ya samaki.

Vijana wengi wa pwani wamekwenda Omani na Dubai na Saudia kutafuta riziki, na wengine Ulaya na Marekani. Atumaye fedha kwa uaminifu ametimiza sehemu kubwa, na Mwenyezi Mungu amlipe. Ila mzee haogeshwi kwa hawala. Fedha zikifika mikononi mwa mtu asiyemjali, mzee hubaki na uchafu wake ilhali karatasi zaonyesha ametunzwa. Aliye mbali imempasa aajiri mtu wa kumtumikia mzazi, aulize khabari zake kwa mzazi mwenyewe wala si kwa apokeaye fedha, na akiambiwa kwamba mama ananyamaza sana siku hizi, aichukue khabari hiyo kama mtu aliyepigiwa simu ya ugonjwa. Mtume (S.A.W.) alijiwa na mtu aliyetaka ruhusa ya kwenda jihadi, akamwuliza kama wazazi wake wa hai, alipojibiwa kwamba wa hai, akamwamrisha jihadi yake iwe katika kuwatumikia hao.

MZEE ANAYETAKA KUOA

Hili ni jambo ambalo watu hulicheka, na sharia haikulicheka. Mzee amefiwa na mkewe. Watoto wana nyumba zao. Usiku anakohoa peke yake, na maji yako mbali na kitanda. Akisema kwamba ataka kuoa, wanawe hukutana. Mmoja husema baba amepotewa na akili. Mwingine husema ni aibu kwa wajukuu. Lililo nyuma ya maneno hayo halisemwi: wanahesabu thumuni, fungu la mke pamoja na watoto, ambayo mwanamke huyo atairithi siku mzee atakapokufa.

Madhehebu ya Imam Shafi, kwa kauli mashuhuri, yamewajibisha juu ya mtoto mwenye uwezo kumwoza babaye, na babu yake pia, akiwa mzee huyo ahitaji kuoa wala hana mahari. Mtoto atoe mahari, au amwambie aoe na yeye atalipa. Kisha nafaka ya mke huyo ni juu ya mtoto maadamu baba hana. Na baba aaminiwa katika kusema kwamba ana haja ya kuoa, bila ya kiapo, kwani kumwapisha mzee juu ya jambo kama hili haifai kwa heshima yake. Basi ikiwa sharia imemlazimisha mtoto kulipa mahari ya babaye aliye fakiri, ana hoja gani yule amzuiaye baba mwenye mali yake mwenyewe?

Ama mama mjane, habari yake ni nzito zaidi, maana watoto wa kiume hudhani kwamba wao ndio mawalii wake. Katika madhehebu haya mtoto si walii wa mamaye kwa sababu ya utoto wake. Mawalii wake ni babaye, kisha babu yake upande wa baba, kisha ndugu zake wa kiume, kisha watoto wa ndugu hao, kisha ami zake, kwa tartibu ijulikanayo. Mtoto ahudhuriapo kikaoni akagonga meza kwamba mama haolewi, amegonga meza ya watu. Na walii wa haki akimzuia mwanamke kuolewa na mtu aliye kufu yake, naye amemridhia, kadhi humwozesha.

MSIKITINI

Muadh bin Jabal (R.A.) aliwasalisha watu wake kwa sura ndefu, na Mtume (S.A.W.) alipopata khabari alighadhibika. Akaamrisha kwamba asalishaye watu afanye takhfifu, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu na wagonjwa na wazee. Asalipo peke yake, hapo arefushe atakavyo. Lakini takhfifu haina maana ya kukimbia. Wako maimamu, hasa katika tarawehe, wanaokwenda mbio hata mzee hajaweka goti chini wao wamekwisha inuka. Mzee huyo alikuja kusali, akarudi nyumbani kama aliyeshindana. Takhfifu ni kupunguza kisomo na kuacha utulivu mahali pake. Na maamuma aliye mzito wa kusoma kwa maumbile yake husamehewa: humaliza Fatiha yake kisha akamfuata imamu, maadamu hakuachwa kwa zaidi ya nguzo tatu ndefu. Mzee na alijue hili, asikatike moyo akaacha jamaa.

Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu, kama alivyofundishwa Imran bin Husain (R.A.) alipokuwa mgonjwa. Kiti cha mzee msikitini si jambo la kuonewa haya. Lililo baya ni kwamba katika misikiti mingine viti husukumwa nyuma kwenye viatu, kana kwamba udhuru ni adhabu. Mzee aliyeshika safu ya kwanza miaka hamsini ataondolewaje humo na magoti yake? Waangalizi wa msikiti wamtengenezee mahali penye mwisho wa safu, panapofikika, na choo kisicho na ngazi.

Sala ya Ijumaa yampasa mzee mkongwe na asiyejiweza kwa miguu akipata kipando, kiwe chake au cha kukodi au cha kuazimwa, na kupanda kusimtie mashaka; na kipofu humpasa akipata wa kumwongoza. Masharti haya yameandikwa zamani za punda na ngamia, na maana yake haikubadilika kwa motokaa. Kila Ijumaa vijana hupita mbele ya nyumba za wazee katika magari yenye nafasi tatu tupu, na mzee yu dirishani anasikiliza adhana. Akiitwa na kuchukuliwa, amepata faradhi yake. Asipoitwa, yeye ana udhuru. Aliyempita ajiulize mwenyewe.

Katika Ramadhani, mzee ambaye funga yamtia mashaka makubwa hafungi, na kwa kila siku hutoa mudi moja ya chakula kiliwacho sana katika mji. Mudi ni robo ya swaa, kama kibaba kilivyokuwa robo ya pishi. Fidya hii haitolewi kabla ya Ramadhani kuingia. Hutolewa kila siku baada ya alfajiri yake, au baadaye. Wazee wengine hukataa kula kwa kuona haya mbele ya wajukuu, wakaanguka. Ni juu ya wenye nyumba kumpikia mchana bila ya kumtazama jicho la kando.

Na mzee ambaye hawezi tena safari ya Hija, mwanamke wa Khath'am alikwisha uliza suala lake katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 (632): babaye ni mzee sana, hakai imara juu ya mnyama, akajibiwa kwamba amhijie. Wanazuoni wakapambanua baina ya mali na nafsi. Mtoto akijitolea fedha za kumkodia baba mtu wa kumhijia, baba hakulazimika kuzipokea, kwa sababu ya uzito wa fadhila. Akijitolea kwenda mwenyewe, naye amekwisha kuhiji Hija yake, imempasa baba kukubali na kumpa idhini. Kwa hivyo kijana aliye na nguvu za miguu asidhani kwamba hana cha kumpa babaye kwa kuwa hana utajiri.

BARAZANI

Baada ya Khaibar watu walikuja kwa Mtume (S.A.W.) na shauri la ndugu yao aliyeuawa huko. Abdurrahman bin Sahl, naye ndiye mdogo wao, akaanza kusema. Mtume akamwambia amwachie aliye mkubwa, basi wakasema wakubwa kwanza. Hii ndiyo asili ya mzee kutanguliwa kupewa neno kikaoni. Lakini kupewa neno la kwanza kwa sharti la kwamba hakuna atakayelifuata si heshima, ni mchezo. Kamati nyingi za misikiti na madrasa humwomba mzee afungue kwa dua na afunge kwa dua, na baina ya dua mbili hizo hakuulizwa kitu.

Na mzee ana kitu. Katika sharia, nasaba huthibiti kwa ushahidi wa mambo yaliyoenea masikioni mwa watu, na wakfu vilevile kwa kauli iliyosahihishwa na Imam Nawawi. Ushahidi huo wanao wazee. Shamba lililowekwa wakfu na marehemu fulani bila ya karatasi, mpaka wake wa mnazi na mbuyu, na nani ni ndugu wa nani kwa baba, hayo yamo vifuani mwao. Mzee asipoulizwa, akafa, asubuhi yake huzuka mwenye hati mpya ya shamba la msikiti. Yapasa vijana wanaojua kuandika wakae na wazee hao, wayaandike maneno yao mbele ya mashahidi, na yaliyo ya wakfu wayafikishe kwa Kamisheni ya Wakfu. Ibn Abbas (R.A.), ingawa ni mtoto wa ami yake Mtume, alikuwa akiketi nje ya mlango wa sahaba mkubwa aliyelala mchana, upepo ukimpiga mchanga usoni, akingoja aamke amwulize hadithi moja. Hakumgongea.

Haya yote hayana maana kwamba umri hushinda kila kitu. Ibn Umar (R.A.) alipokuwa kijana alijua jawabu ya suala aliloliuliza Mtume juu ya mti unaofanana na Muislamu, nao ni mtende, akanyamaza kwa kuwaonea haya wakubwa, na babaye alipojua alimwambia kwamba angalipenda kuliko mali kama angalisema. Amr bin Salima aliwasalisha watu wake naye ni mtoto wa miaka sita au saba, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Kurani zaidi yao. Na fikihi ya Shafi imemtanguliza katika uimamu mwenye ujuzi zaidi wa fikihi, kisha mwenye kisomo zaidi, juu ya mwenye umri. Mzee asiye na elimu hadhuriki kwa kusali nyuma ya kijana mwenye nayo. Baada ya elimu, kauli mpya ya Imam Shafi humtanguliza mwenye umri katika Uislamu juu ya mwenye nasaba, na hili wapende walifikiri wale wenye mazoea ya kuulizana ukoo kabla ya kuulizana umri.

Ila kuna sala moja ambamo tartibu hii hugeuka, nayo ni sala ya maiti. Wakikutana mawalii wawili wa daraja moja, kama ndugu wawili wa marehemu, mmoja ana elimu zaidi na mwingine ana umri zaidi naye ni mwadilifu, atangulizwaye ni mwenye umri, kwa tamko la Imam Shafi mwenyewe. Sababu waliyoitaja wanazuoni ni kwamba makusudio ya sala hiyo ni kumwombea maiti, na dua ya mzee iko karibu zaidi na kukubaliwa. Basi jeneza likiwekwa, na ndugu mdogo aliyesoma akaitwa mbele kwa mazoea ya watu, na arudi nyuma amshike mkono nduguye mkubwa, amweke mahali pake, ijapokuwa itabidi amsimamie karibu amkumbushe takbira.

Wallahu aalam.